Usiku wa Kwanza Mlimani: Kuchagua Njia ya Theluji Ukitokea Mombasa

Wiki ya mwisho ya Mei, mvua ya masika ikiwa bado haijaacha kupiga mapaa ya soko la Marikiti, ndipo mipango ya kupanda mlima hupamba moto Mombasa. Sababu ni kalenda. Tarehe 1 Juni ni Madaraka, na sikukuu hiyo ikiangukia karibu na Jumamosi au Jumapili, mtu wa ofisi au mwanafunzi wa chuo hupata siku tatu au nne za kupumua. Vikundi vinaundwa, michango inakusanywa kwa M-Pesa, na swali linaloulizwa karibu kila mara ni hili: njia ipi itatufikisha kwenye theluji upesi zaidi?

Naona swali hilo limekaa vibaya, na ubaya wake unamuumiza mtu wa pwani kuliko mtu wa Nairobi au Nyeri. Anayelala kila siku Kibokoni au Kuze, hatua chache kutoka maji ya chumvi, mwili wake haujazoea mwinuko wowote. Mwenzake wa Nairobi huamka kila asubuhi kwenye mita 1,700 hivi. Wa Nanyuki yuko karibu na mita 1,950. Njia moja wakiipanda watu hao watatu, zinakuwa safari tatu mbalimbali. La kuuliza kwanza ni usiku wa kwanza tutalala wapi, na wa pili wapi. Ukishalijibu hilo kwa ukweli, njia nyingi zinajiondoa zenyewe.

Tuanze na hewa. Ukifika mita 5,000, kanieneo ya hewa ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya Mombasa, na kila pumzi inaleta oksijeni pungufu kwa kiasi hichohicho. Mwili una njia zake za kujirekebisha, lakini unataka siku, na hauchukui rushwa ya ujana wala mazoezi. Kijana anayekimbia kila alfajiri kutoka Mama Ngina mpaka Nyali anaweza kuugua pale ambapo mjomba wake mwenye kitambi hana neno. Ushauri wa madaktari wa safari ni wa wazi: anayetoka usawa wa bahari asilale juu ya mita 2,750 hivi usiku wa kwanza, akishapita mita 3,000, asipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila mita 1,000 azipe siku moja zaidi ya kupumzika.

Sasa chukua safari inayouzwa sana wakati wa Madaraka. Kundi linapanda treni ya usiku Miritini, linafika Nairobi kabla ya mapambazuko, linakodi gari hadi Nanyuki, linaingia lango la Sirimon la Mlima Kenya adhuhuri, na jioni liko kambi ya Old Moses, mita 3,300. Chini ya saa ishirini na nne tangu kuaga pwani. Kesho yake wanalala Shipton's, mita 4,200. Usiku wa manane unaofuata wanaelekea kilele cha Lenana, mita 4,985. Kwa kipimo cha madaktari, usiku wa kwanza umezidi mpaka kwa zaidi ya mita 500, na wa pili umeruka karibu mara mbili ya inavyoruhusiwa. Wengine hufika na kupiga picha na bendera. Wengine hutapika njia nzima. Na wachache, ambao hatuwezi kuwajua mapema, maji hujaa mapafuni au ubongo huvimba, na hapo ni kushushwa mara moja, hata kama ni usiku na mvua inanyesha.

Naelewa kwa nini Lenana inavuta watu hivyo. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya huru juu ya mlima huu, na kila aliyesoma shule hapa nchini ameibeba picha hiyo kichwani. Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, ni vilele vya wakwea miamba wenye kamba. Lenana ndiyo inayofikika kwa miguu. Lakini kufikika kwa miguu hakuna maana ya kufikika kwa siku tatu kutoka Mombasa, na sijaona haja ya kuficha msimamo wangu: mwenye usiku mbili au tatu tu na aiache Lenana. Mlima una mengi chini yake.

Suala la pili ni mvua, na hapa mtu wa pwani ana elimu anayoweza kuitumia. Sisi misimu tunaijua kwa pepo. Kufikia Mei kusi limeshika, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Mombasa. Ukichungulia dirishani ukaona maji yanatiririka kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, ni rahisi kudhani mlima nao umezama vivyo hivyo. Mlimani hesabu ni nyingine. Kwanza, kwenye Mlima Kenya mvua ndefu huzidi kabisa mwezi wa Aprili, na mwishoni mwa Mei zinakuwa zinapungua, ingawa udongo bado umelowa chapachapa. Pili, pepo zinazobeba unyevu kutoka Bahari ya Hindi huupiga mlima kwa upande wa mashariki na kusini, zikamwaga mzigo wao hukohuko. Miteremko ya kusini-mashariki hupata hadi milimita 2,500 za mvua kwa mwaka. Ya kaskazini haifiki 1,000. Kilimanjaro nao umegawanyika hivyo hivyo: kusini misitu mizito na matope, kaskazini nyasi na vumbi.

Kwa hiyo masika inapoisha, upande wa kaskazini unapewa kura yangu ya kwanza. Hilo linaipandisha njia ya Sirimon, iliyo upande huo, na kuzishusha jirani zake mbili.

Naro Moru, upande wa magharibi, ndiyo fupi kuliko zote na ndiyo inayowadanganya wengi. Kambi ya Met Station iko mita 3,050, na barabara inafika mpaka pale, hivyo mtu huona ameokoa jasho. Kumbe baada ya msitu kuna kinamasi kilichosimama wima, mteremko mzima wa manyasi ya mafungu na tope jeusi, unaoweza kuumeza mguu hadi gotini. Januari unapita ukilalamika kidogo. Mwisho wa Mei unatumia saa nyingi, buti zinajaa maji, na unafika Bonde la Teleki umelowa na jua linazama. Kutoka Met Station hadi kambi ya Mackinder's, mita 4,200, mahali pa kulala pamepanda kwa mita 1,150 siku moja. Ufupi wa njia hii ndio hatari yake.

Chogoria, upande wa mashariki, ni uzuri mtupu. Maporomoko ya Nithi, Ziwa Ellis lililotulia kwenye mbuga baridi karibu na mita 3,450, kisha bonde lenye kuta za mawe na Ziwa Michaelson chini yake, na ule mwamba wanaouita Temple unaokutazamisha ziwa kutoka juu kabisa. Nikiambiwa nichague bonde moja la Afrika Mashariki la kumwonyesha mgeni, nitamwonyesha hilo. Ila barabara ya msituni kutoka mji wa Chogoria hadi langoni ni karibu kilomita 30 za udongo, na masika huigeuza kuwa tope ambalo hata gari la magurudumu manne hukwama. Ukifika, mabanda ya kulala ya langoni yako karibu mita 2,950, na juu ya hapo ni mahema tu. Njia hii iwekwe akiba ya Agosti, au Januari na Februari. Wapo wanaopanda kwa Sirimon na kushuka kwa Chogoria, na kwa mwenye siku tano au sita wakati wa kiangazi sijui mpango bora kuliko huo. Mwisho wa Mei panda kwa Sirimon na ushuke kwa Sirimon.

Nayo Sirimon ina kitu ambacho vikundi vingi vinakipita bila kukitazama. Pale langoni, kwenye mita 2,650 hivi, Shirika la Wanyamapori lina nyumba ndogo za kulala. Hapo ndipo usiku wa kwanza wa mtu wa pwani. Umefika mchana, umekunywa chai, unatembea kidogo msituni uwaone mbega wakirukaruka, unalala na mablanketi mazito. Siku ya pili unapanda taratibu kilomita tisa hivi hadi Old Moses. Siku ya tatu, begi zito likibaki kambini, unapanda mpaka vigongo vya mkondo wa Liki Kaskazini, karibu mita 3,900 na zaidi kama mwili unakubali, kisha unarudi kulala palepale Old Moses. Wapanda milima wanalo agizo la zamani, panda juu ulale chini, na ratiba hii inalifuata. Asubuhi ikiwa safi, Batian na Nelion zinasimama mbele yako zimevaa theluji mpya ya usiku, na mbuga imejaa ile mimea mirefu ya lobelia na senesio isiyoota penginepo ila katika milima hii ya ikweta.

Je, utaigusa theluji? Huenda usiiguse. Katika wiki za mwisho za masika huanguka mara kwa mara juu ya mita 4,500, na pengine hushuka hadi Shipton's usiku wa baridi kali. Huku chini utapata mvua ya mawe na umande ulioganda juu ya hema. Kwa mtu ambaye hajawahi kuona maji yameganda ila kwenye jokofu, nadhani kuziona theluji za Batian kutoka kilomita chache, ukiwa mzima na mwenye hamu ya kula, ni safari iliyokamilika.

Anayesoma habari za milima ya Ulaya au Marekani aangalie asipotezwe. Kule Mei ni mwisho wa majira ya kuchipua: theluji imelundikana kwa miezi, sasa inayeyuka, mito inafurika, na swali la mtembezi ni kiasi gani kimebaki njiani. Kwetu hakuna lundo la miezi. Theluji ya ikweta ni ya jana usiku, na jua la saa nne asubuhi huanza kuiondoa. Kiangazi na kipupwe vyote viwili vinapita kila siku moja. Ndiyo maana swali la huku ni saa, si kiasi. Alfajiri theluji imeganda na buti hushika; saa tano imelegea, inateleza, na changarawe iliyo chini yake inakimbia na mguu. Wanaoelekea Lenana huamka saa nane usiku kwa sababu hiyo, na si kwa ajili ya kuona jua likichomoza tu. Wakati wa masika kuna jambo la ziada: theluji mpya hufunika njia na alama zake, mawe yaliyo chini huwa na ganda la barafu, na ukungu hufunga mapema. Bila meno ya chuma ya kufunga chini ya buti, na bila mtu anayeijua njia hata ikiwa imefunikwa, mteremko wa mwisho juu ya Shipton's si mahali pa kujaribia bahati.

Hadi hapa nimezungumzia Mlima Kenya kwa sababu ndio unaotajwa kwanza. Lakini chukua ramani. Kutoka Mombasa hadi Nanyuki, kupitia Nairobi, ni karibu kilomita 680. Kutoka Mombasa hadi Taveta, kwa kupitia Voi, ni kilomita 260 hivi, zote za lami, na ukivuka mpaka wa Holili hauko mbali na Marangu. Theluji iliyo karibu na watu wa Mombasa ni ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Imekuwa hivyo tangu zamani za misafara.

Na historia hapa ina faida kwa anayepanga safari. Tarehe 27 Aprili 1848, masika ikinyesha, mmishonari Johannes Rebmann aliondoka Rabai kwenda Uchagani, akiongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara kutoka Mombasa aliyezijua njia za bara. Tarehe 11 Mei Rebmann aliona weupe juu ya Kilimanjaro na akaandika kwamba ni theluji. London, mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley alikataa katakata kwa miaka kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta, ilhali habari za mlima huo zilikuwa zikizungumzwa na watu wa misafara huku. Rebmann alisimuliwa pia na Wachaga habari za watu waliotumwa kupanda kule juu, wakarudi wachache, viungo vyao vimeharibiwa na baridi.

Kinachonivutia katika safari ile ni mwendo wake. Wiki mbili kwa miguu kutoka Rabai hadi kuuona mlima. Mwili ulipandishwa polepole na nchi yenyewe. Miaka arobaini na moja baadaye, tarehe 6 Oktoba 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni mwa Kibo. Meyer alikuwa ameshindwa mwaka 1887. Safari ya 1889 alibadili mpango: aliweka kambi kwa ngazi, wapagazi wakawa wanapandisha chakula kila baada ya siku chache, hivyo hakulazimika kushuka kila mara. Katika kambi ya juu, mita 4,300 hivi, alikaa nao Mwini Amani, mtu wa Pangani. Mswahili wa pwani alikaa siku nyingi katika baridi ile, akilinda kambi na kupika, mpaka kazi ikaisha. Jina lake halitajwi sana, na lingestahili kutajwa kila mara yanapotajwa ya hao wawili. Aliweza kukaa kwa sababu alipewa muda wa kukaa.

Turudi kwenye Madaraka. Njia ya Marangu ndiyo yenye vibanda vya kulala hadi juu kwenye Kilimanjaro, na kibanda cha kwanza, Mandara, kiko mita 2,720. Angalia namba hiyo. Ni chini kidogo ya mpaka wa madaktari. Lango lenyewe liko karibu mita 1,870, safari ya kwanza ni ya msituni, saa tatu au nne, na njia imetengenezwa vizuri. Mtu aliyetoka Marikiti alfajiri ya jana, akalala Marangu au Moshi, anaweza kulala Mandara leo bila mwili wake kudhulumiwa. Kesho yake anapita kreta ya Maundi, mwendo mfupi tu kutoka kibandani, kisha anatokea juu ya msitu kwenye mbuga, ambako mawingu yakifunguka vilele vya Kibo na Mawenzi vyote viwili viko wazi. Anageuka kabla ya Horombo, mita 3,720, anarudi Mandara kwa usiku wa pili, au anashuka.

Kweli, Marangu iko kusini-mashariki, upande wenye mvua, na nimetoka kusifu kaskazini. Njia ya kaskazini ya Kilimanjaro ni Rongai, na ni kavu zaidi, lakini ni ya mahema, na vituo vyake vimepangwa kwa mwenye siku sita au saba. Kwa usiku mbili za masika, paa lina thamani kuliko mwelekeo wa mlima. Mtu akilowa mchana na akapata mahali pakavu jioni, hajadhurika. Akilowa mchana na hema nalo likaingia maji, ndipo baridi inapoanza kumla.

Gharama na karatasi za Kilimanjaro zisidharauliwe. Huwezi kupanda bila mwongozaji mwenye leseni, na kwa kawaida unapitia kampuni. Raia wa Afrika Mashariki wana viwango vyao, nafuu kuliko vya wageni wa mbali. Mpakani beba pasipoti au hati ya kusafiria ya muda, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Na usinunue safari ya kilele ya siku tano kwa kuwa ni rahisi kuliko ya siku saba. Lemosho na Machame zina sifa nzuri, lakini ni njia za wiki nzima, na wakati wa masika ni za mahema yaliyolowa. Sioni sababu ya mtu wa Madaraka kuzifikiria. Rwenzori, upande wa Uganda, ni mlima wa matope hata katika miezi mikavu, na Margherita yake ya mita 5,109 inataka zaidi ya wiki. Uwekee Januari na likizo ndefu.

Sasa njoo Marikiti, kwa sababu nusu ya safari hufungwa hapa. Mambo ya chakula cha mlimani yana fizikia yake. Maji kwenye mita 4,200 huchemka yakiwa na joto la nyuzi 86 hivi badala ya 100. Sufuria inatokota kwa kelele na ndani hakuna kinachoiva. Maharagwe, pojo na dengu, hata ukiloweka usiku kucha, yatamaliza gesi yako yakiwa magumu. Mchele unatoka na kiini kibichi. Kwa hiyo pita vibanda vya nafaka bila kusimama. Chukua tambi nyembamba, uji wa oti, chapati zilizopikwa nyumbani, ambazo katika baridi ile hukaa siku tatu bila kuharibika, na samaki wa kopo.

Simama kwenye tende. Gramu 100 zinakupa karibu kalori 300, hazitaki moto wala maji, na tumbo lililochafuka kwa mwinuko huzikubali linapokataa kila kitu. Lakini kagua aina. Zile laini zinazogandamana kwenye pakiti, tamu sana Ramadhani, zikipigwa na baridi ya usiku hukakamaa kuwa bonge moja usiloweza kulivunja kwa vidole vilivyokufa ganzi. Mwambie muuzaji akupe kavu kiasi, zinazoachana moja moja. Toa kokwa nyumbani, weka korosho mahali pa kokwa, gawa kwenye vifuko vidogo, kimoja kwa kila siku, na kifuko cha siku hiyo kiweke kwenye mfuko wa ndani wa koti. Korosho yenyewe inakaribia kalori 550 kwa gramu 100. Nunua na maembe makavu ya chumvi na pilipili. Hamu ya kula ndiyo ya kwanza kutoroka mlimani, na ile chachu huirudisha. Tangawizi kavu ya kusaga kwa chai, na iliki kidogo kwa ajili ya roho.

Kuna kingine kinachoteremka kila siku kutoka miinuko iliyo jirani na Mlima Kenya hadi mitaa yetu, nacho ni miraa. Nawasihi vijana waiache mjini siku hizo. Inaufanya moyo kwenda mbio, inaua njaa, inafukuza usingizi, na hayo matatu ndiyo yaleyale ambayo mwinuko unayafanya kwa mwili. Mtafunaji hawezi kujua kama anaumwa au ni jani.

Nguo si lazima ziwe ghali. Kongowea, kwenye mitumba, makoti mazito huuzwa bei ya kutupa kwa kuwa nani wa Mombasa anayataka? Ila yabane kwa vidole. Ukihisi vijiti vyembamba vya manyoya ndani, hilo ni koti zuri la Januari; likilowa masika linasinyaa na halipashi joto tena. Tafuta la nyuzi za kutengenezwa, na juu yake koti la mvua la kweli. Pamba iache: fulana ya pamba na jinzi zikilowa hunyonya joto la mwili usiku kucha. Kikoi cha Biashara Street kibebe kwa ajili ya kibandani tu. Kila kitu ndani ya begi kiingie kwenye mfuko mzito usiopitisha maji kabla ya kupangwa, mfuko wa kulalia kwanza. Baridi ya mvua kwenye nyuzi nne au tano imeua watembezi wengi zaidi ya wanavyodhani wale wanaoiogopa theluji peke yake.

Kwa wengi wetu kuna swali la udhu kwenye maji yanayokaribia kuganda. Fiqhi imekwisha litazama: msafiri aliyevaa soksi za ngozi juu ya tohara anaruhusiwa kupangusa juu yake siku tatu na usiku zake, muda unaotosha safari ya Madaraka. Muulize sheikh wako masharti kabla ya kuondoka, ununue soksi zenyewe, na uzijaribu ndani ya buti. Kalenda nayo iangaliwe: mwaka 2025 Idi ya kuchinja iliangukia siku chache tu baada ya Madaraka, na katika miaka kama hiyo familia hutaka watu wao nyumbani.

Kuhusu barafu za kudumu, ambazo ni kitu kingine na theluji ya usiku, anayetaka kuziona asichelewe miaka mingi. Barafu ya Lewis, iliyo chini ya Lenana, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Shirika la Hali ya Hewa Duniani, katika ripoti yake ya 2021, lilikadiria kwamba barafu za Kilimanjaro na Rwenzori zinaweza kutoweka kufikia miaka ya 2040, na za Mlima Kenya mwongo mmoja kabla. Hii ni sababu ya kweli ya kupanda hadi juu. Pia ni sababu ya kupanga safari ya siku sita ya Januari, uichangie mwaka mzima, badala ya kuikimbilia kwa siku tatu za Mei.

Limebaki la mwongozaji. Kwenye Mlima Kenya usiingie peke yako, na ada za hifadhi lipa kwa simu kabla ya kufika, kwani langoni hawapokei pesa taslimu. Ukimpigia mwongozaji simu, usianze na bei. Muulize saa ngapi huwa anageuza kundi hata kama kilele kinaonekana. Muulize ni nani anashuka na mgonjwa, na ni nani anabaki na waliosalia. Kundi la watu kumi lenye mwongozaji mmoja halina jibu. Muulize wapagazi wanabeba kilo ngapi na wanalala wapi mvua ikinyesha. Kilimanjaro mzigo wa mpagazi umewekewa mpaka wa kilo 20, na kampuni inayowaonea wapagazi wake haitakuonea huruma wewe. Mwambie waziwazi kwamba mnatoka Mombasa. Mwongozaji mzuri, akisikia hivyo, atabadili ratiba mwenyewe kabla hujamwomba.

Tiketi ya kurudi ikate ya treni ya usiku, si ya alasiri. Kutoka Old Moses hadi lango, kisha Nanyuki, kisha Nairobi, njia inaweza kuchukua siku nzima kukiwa na tope na foleni za watu wanaorudi kutoka sikukuu. Kundi lenye tiketi ya alasiri huanza kuharakisha tangu usiku wa kuamkia, watu wanashuka mbio kwenye udongo uliolowa na kuteguka vifundo vya miguu, na mwenye kichwa kinachouma ananyamaza asiwacheleweshe wenzake.